Nilivyotekwa Ndani ya Blanketi la Mtu

Walioniacha wiki jana nikiwa nimejikunja chini ya benchi, askari wa jiji akinimulika tochi mchana kweupe, wajue nilitoka salama. Alikuwa anatafuta simu yake. Nilimsaidia kuitafuta, akanishukuru, kisha akanifukuza.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Maingi. Nilikuwa fundi wa kuchonga twiga pale Majengo, wale twiga wa mbao wanaouziwa watalii. Kisha nikaonjeshwa unga, na simaanishi unga wa ugali. Twiga wangu wakaanza kutoka na shingo za mbwa, tajiri akanifukuza kazi. Nikageukia vitu vya nyumbani. Niliuza pasi, nikauza redio, nikauza sufuria ikiwa bado na maharagwe.

Mke wangu Koki hakuwa na haja ya kufanya upelelezi. Nikishauza kitu, mkono wangu huenda wenyewe kwenye sikio la kushoto na kuanza kulikuna.

"Baba Ndanu," angesema, "umeuza nini tena?"

Na hapo sikio limeshajibu.

Mwisho niliuza mlango. Mlango wa chumba chetu kule Kware, ghorofa ya nne, Koki na binti yetu Ndanu wakiwa ndani, wamelala usingizi wa mchana. Fundi ni fundi. Nilifungua bawaba taratibu hata mtoto hakugeuka. Niliporudi, nguo zangu zilikuwa chini barabarani, na Koki amesimama pale palipokuwa na mlango. Alitaka kunifungia nje, maskini, akakosa cha kunifungia.

Ndivyo nilivyohamia bustanini.

Bustani yenyewe iko mjini, ukitoka Muthurwa kwa miguu hata hutoki jasho. Sisi wakazi tumeigawa mitaa. Benchi linalopata jua la asubuhi linaitwa Runda, kama ule mtaa wa matajiri. Kando ya choo panaitwa Kware, na huko ndiko nilikopewa nafasi, wakasema nina uzoefu.

Jirani yangu wa Kware hiyo alikuwa Mursal. Msomali, mzaliwa wa Majengo, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Mama yake huuza blanketi kwa jumla, na siku aliyotoroka nyumbani Mursal alitoka na moja. Jekundu, zito, lenye picha ya simba mwenye macho ya mwalimu wa hesabu. Bustani nzima ililijua. Mursal aliuza viatu vyake, akauza mkanda akabaki anashika suruali kwa mkono, lakini blanketi lile hakuliuza.

Sasa nisikilizeni, maana wiki hiyo nilikuwa na shida moja tu. Nilitaka kikombe.

Kuna kliniki inayotoa dawa ya kunywa, kikombe kidogo kila asubuhi. Ukishakinywa, arosto inatulia. Arosto ni ule ugonjwa wa kukosa unga, mifupa inagombana ndani ya mwili na wewe mwenye mwili hushirikishwi. Nimeona watu wakitoka bustanini kwa kikombe kile. Mmoja sasa anauza mitumba Gikomba na nikimpita anajifanya hanijui, nami humfurahia sana.

Sista Jacklyne wa pale kliniki aliniambia, "Nafasi iko. Kesho asubuhi. Lakini uje na mdhamini."

"Mdhamini wa nini, Sista? Kwani nanunua shamba?"

"Mtu wa kukusimamia. Awe na nyumba, awe na simu inayopatikana, na asiwe anaishi bustanini."

"Hapo mwisho umenimaliza."

"Usipokuja naye, nafasi nampa mwingine. Wanaongoja ni wengi, Maingi."

Msidhani nilikuwa nafanya mchezo. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka Ndanu aniite baba kabla hajalisahau neno lenyewe. Na mtu aliyeuza kila kitu cha kila mtu atapata wapi wa kumsimamia?

Nilianzia karibu. Wacuka anauza chai langoni.

"Mama, nidhamini."

"Wewe? Kikombe changu cha maua kiko wapi?"

"Mama, hayo ni ya zamani."

"Ni ya Ijumaa."

"Lakini kule naenda kupewa dawa."

"Unaipokea kwa chombo gani?"

"Kwa kikombe."

Alicheka mpaka birika likayumba. "Wamekwisha hao! Waambie wakifunge kwa mnyororo!"

Nikaenda kwa mhubiri. Kuna mhubiri anayekuja na kipaza sauti saa ya chakula cha mchana, na mimi ndiye shuhuda wake. Nikisimama nikasema unga umenitoka, akina mama wanalia, mhubiri ananipa mkate na soda. Nimeokoka pale mara nyingi kuliko kijiji kizima cha kwetu Mwala.

"Mtumishi," nikamwambia, "nisimamie. Safari hii nataka kupona kweli."

Alinitazama kwa huruma nyingi sana.

"Ndugu Maingi. Sasa Alhamisi nitashuhudia na nani?"

Nikarudi Kware, ile ya chooni, nimenyong'onyea. Mursal alikuwa ameketi juu ya simba wake.

"Niaje, buda? Umepata msee wa kukusimamia?"

"Sijapata."

"Si umwitie Koki?"

"Koki nilimuuzia mlango."

"Hiyo story kila mtu anaijua. Bado anaishi pale? Kwa ile ploti iko na duka la gesi hapo chini?"

"Hapo hapo. Lakini heri nimwombe huyu simba. Wewe je? Si mama yako yuko mjini?"

Akaacha kutabasamu. "Mamangu akinipata, ananirudisha kule."

Kule ni nyumba moja ya ukuta mrefu ambako familia nyingine hupeleka vijana wao walioharibika. Huulizwi. Mjomba anakuja na gari, unabebwa, unashtukia uko ndani. Mursal aliwahi kukaa huko, mguu mmoja umefungwa kwenye kitanda, mpaka akapata nafasi akaruka ukuta. Ni jambo pekee nililowahi kumsikia akilisema bila mzaha.

"Heri baridi," alisema. "Wallahi, heri baridi."

Muda si mrefu arosto ikanishika. Nilikuwa nimeamua siku hiyo nisiguse kitu, nifike kliniki nikiwa safi. Meno yakagongana, jua liko utosini nami natetemeka. Mursal akasimama, akalivuta blanketi, akanifunika.

"Naenda place. Nitarudi jioni. Blanketi usiuze."

"Mursal, kweli mimi na wewe..."

"Maingi. Usiuze."

"Siuzi!"

Akaenda zake. Nikajifunika gubigubi, kichwa ndani, miguu ndani, simba juu. Usingizi ukanichukua.

Nilichoshtukia ni miguu yangu ikipanda juu na kichwa kikibaki chini. Kisha nacho kikapanda. Watu wawili walikuwa wamenibeba na blanketi lote, wamelikunja huku na huku kama sambusa. Walikuwa wanasema Kisomali, na mimi nilishika neno moja tu: Mursal.

"Mimi si Mursal!" nikapiga kelele.

"Kila siku anasema hivyo," mmoja akamjibu mwenzake kwa Kiswahili.

Nikatupwa ndani ya probox. Mmoja akaendesha, mwingine akanikalia miguu. Blanketi la mama yake Mursal halipitishi baridi, na sauti ikipita hutoka imebadilika, yangu ingeweza kuwa ya mtu yeyote.

"Mimi ni Maingi! Maingi wa Mwala!"

"Umesikia, Abdijabar?" akasema aliyenikalia, kwa uchungu. "Mpaka jina amesahau. Amekuwa Mkamba."

Huyo alikuwa Salad, mjomba wake Mursal. Na mjomba Salad hakuwa mtu wa kukaa kimya garini.

"Mursal, mama yako halali. Simu ikilia anafikiri ni mochari. Chakula chako anapakua kila siku. Kinapoa, anafunika. Kesho anapakua tena. Wewe unajua hiyo? Wewe unalala huko kwa nyasi unajua hiyo?"

Ndugu zangu, nikalia. Sikulia kidogo. Nililia kwa ajili ya mama wa mtu mwingine, kisha nikamkumbuka wa kwangu kule Mwala, anayejua tu kwamba niko Nairobi na nina shughuli nyingi. Blanketi likalowa.

Salad akashtuka. "Abdijabar, analia! Endesha polepole. Ameanza kupona!"

Nikapandishwa ngazi, nikalazwa kwenye zulia. Nikasikia sauti ya mwanamke ikikaribia, viatu vikiburuzika, pumzi zikimwishia.

"Fungua. Fungua nimuone."

Wakafungua.

Alikuwa mama mnene, buibui jeusi, hina vidoleni. Mama Bilan mwenyewe, mama yake Mursal. Alinitazama. Nilimtazama. Nikasema kile ambacho mtoto yeyote wa Kikamba angesema mbele ya mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

Akapiga ukelele uliosimamisha redio ya jirani.

"Salad! Huyu ni nani?"

"Ni Mursal," akasema Salad, kabla hajageuka. Akageuka. Alinikagua muda mrefu, kama mtu anayeomba sana awe hajakosea. "Lakini blanketi ni lenyewe," akasema.

"Nimekutuma mtoto, umeniletea blanketi!"

"Na mtu," Abdijabar akaongeza. "Iko na mtu ndani."

Mama Bilan akakaa chini kwenye zulia, palepale nilipokuwa. Nilidhani atanipiga. Akaanza kutoa nyasi kwenye blanketi, moja moja, akimpangusa simba usoni kwa ncha ya mtandio.

"Yuko hai?" akauliza, bila kuniangalia.

"Yuko hai, mama. Yeye ndiye alinifunika."

"Anakula?"

"Anakula." Sikuongeza anakula nini.

Akanyanyuka, akarudi na sahani. Wali, nyama ya mbuzi, ndizi mbivu pembeni. Nilijua ni sahani ya nani. Akaiweka mbele yangu.

"Kula, hooyo."

Hooyo kwao ni mama, na mama naye humwita hivyo mwanawe. Nalijua neno hilo kwa sababu Mursal hulisema akiwa usingizini. Ndizi ikaniponyoka. Ilikuwa arosto, na haikuwa arosto peke yake.

"Wewe ni rafiki yake," akasema. "Nipe mtoto wangu."

"Mama, mimi sijui hata leo ameenda wapi."

"Kesho?"

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo mdomo wangu ulipofanya biashara bila kuniuliza.

"Kesho atanisindikiza kliniki," nikasema. "Nikipata mdhamini."

Nikamweleza yote. Kikombe, Sista Jacklyne, nyumba, simu, bustani. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama mteja anayejua bei atakayolipa.

"Mimi niko na nyumba. Niko na simu. Mimi sikai bustani. Mimi nitakusimamia, wewe uniletee Mursal pale kliniki. Salad atakaa na gari nje."

"Na mtampeleka wapi, mama?"

Salad akajibu kwa niaba yake. "Kule. Safari hii wamepandisha ukuta."

Ningesema hapana. Ningesema, mama, kule mtoto wako alifungwa mguu kitandani, hakuwahi kukwambia kwa sababu ukimpata hamsemezani, mnakamatana tu. Maneno yote hayo nilikuwa nayo, na mdomo wangu ulikuwa na nyama ya mbuzi.

"Sawa, mama," nikasema. "Nitamleta."

Mnataka kunitukana? Nitukaneni. Lakini kwanza mshikwe na arosto, mbele yenu kuwe na mama, sahani na kikombe cha kesho, kisha tuone nani atakuwa shujaa.

Wakati wa kuondoka Mama Bilan alilikunja blanketi vizuri, pembe kwa pembe, akanipa.

"Mrudishie. Usiku kuna baridi."

Abdijabar akanirudisha bustanini. Safari hii nilikaa kiti cha mbele.

Wacuka aliponiona nashuka kwenye gari akaangusha kijiko. "Maingi! Si tumeambiwa umetekwa?"

"Nilitekwa. Wamenirudisha."

"Hata watekaji hawakutaki!"

Mursal alirudi jioni anachechemea, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, midomo imekauka. Akajitupa kando yangu, akakagua blanketi kama limekatwa kipande.

"Hujauza. Manze, umekua."

"Ulikuwa wapi?"

"Kutembea."

"Kutembea mchana wote?"

"Ee."

Nikamwangalia usoni, anatabasamu peke yake. Nikajua. Amepata mahali pa kuvuta, ameenda peke yake, ameniacha na meno yanagongana. Na niwaambie ukweli, nilifurahi kukasirika. Mtu uliyemkasirikia ni rahisi zaidi kumpeleka mahali.

"Kumbe ndivyo ulivyo," nikasema.

"Nilivyo vipi? Wacha mdomo, lala. Kesho utaona."

"Kesho na wewe utaona!"

"Nitaona nini?"

"Wewe utaona nini na mimi nitaona nini?"

"Utaona tu."

"Basi na wewe utaona tu!"

Tukageuziana migongo chini ya blanketi moja.

Asubuhi Mursal akanisukuma. "Tangulia kliniki. Mimi nangoja mtu hapo Muthurwa, tutakuja pamoja."

"Mtu gani?"

"Utaona. We' tangulia, usipoteze nafasi."

Nikatangulia. Kliniki ilikuwa imejaa, mabenchi yote yana watu wanaojikuna. Nje ng'ambo ya barabara niliiona probox. Abdijabar alikuwa anajifanya ananunua mahindi ya kuchoma. Kwa namna alivyokuwa amejificha nyuma ya hindi moja, hata mwenye jiko alimwuliza kama yuko salama.

Mama Bilan alifika na mkoba wake, akakaa kando yangu, akatandaza buibui.

"Yuko wapi?"

"Anakuja, mama."

"Yuko wapi sasa?"

"Anakuja sasa."

Sista Jacklyne akatoa kichwa dirishani. "Maingi! Mdhamini wako amekuja?"

"Mimi," Mama Bilan akasema, akasimama.

Sista akamwangalia Mama Bilan, buibui mpaka hina. Akaniangalia mimi, Mkamba mweusi wa Mwala.

"Wewe ni nani wake?"

"Mama yake."

"Mama?"

"Aliletwa nyumbani kwangu ndani ya blanketi, analia," akasema Mama Bilan. "Nikamfungua, nikamlisha. Kwenu mtu kama huyo anaitwa nani?"

Kliniki nzima ikaangua kicheko. Hata Sista alifunika mdomo. Mimi pia nilicheka, na katika kile kicheko nilikiona kikombe changu kwenye trei, kidogo, cha plastiki, kinaningoja. Nilikuwa nimefika. Nilibakisha mkono tu.

"Hodi!" sauti ikaita mlangoni.

Naijua sauti hiyo. Nikageuka.

Mursal aliingia anachechemea, amelivaa blanketi mabegani kama sultani, meno yote nje. Nyuma yake, mtoto mgongoni, aliingia Koki.

Koki wangu.

"Buda, nimekuletea mdhamini original!" Mursal akapaza sauti. "Jana nimepiga mguu mpaka Kware. Kwenda na kurudi! Si nilikwambia utaona?"

Ndanu alichungulia begani kwa mama yake. Alikuwa ameota meno mawili ambayo sikuwahi kuyaona.

"Usifikirie nimekuja kwa sababu yako," Koki akaniambia. Sauti yake ilikuwa kavu, macho yake hayakuwa makavu. "Tangu uondoke na mlango, mwenye ploti alikataa kuweka mwingine. Nimetundika pazia. Watu wanalivuta tu, wanaingia, wanaomba chumvi, wanaomba kiberiti. Huyu kijana jana alikuja, miguu inatoka damu, akasimama nje ya pazia akapiga hodi. Akangoja. Nikasema, mtu mwenye rafiki anayepiga hodi kwenye pazia, labda bado kuna kitu ndani yake."

"Shemeji alinipa uji," Mursal akasema kwa fahari.

Kisha akageuza kichwa, akamwona mwanamke aliyesimama kando yangu.

Blanketi likamtoka begani. Likaanguka chini, simba akatazama dari.

"Hooyo," akasema Mursal.

"Hooyo," akasema Mama Bilan.

Neno moja, mara mbili. Hawakusogeleana. Mama alinyoosha mkono, ukabaki hewani. Mursal alipiga hatua moja kwenda kwake, niliiona, naapa niliiona. Kisha nyuma yake mlango wa kliniki ukafungwa kwa ndani, na mjomba Salad akauegemea kwa mgongo. Abdijabar alikuwa kando yake, bado ameshika hindi.

Mursal aliwatazama wao. Akamtazama mama yake. Mwisho akanitazama mimi, na lile tabasamu lake la tangu jana lilikuwa bado halijaondoka lote, lilikuwa linangoja nilielezee jambo.

"Maingi," akasema polepole. "Mamangu amejuaje niko hapa?"

"Maingi, tunachelewa," Sista Jacklyne akaita dirishani. Hakuwa ameelewa chochote. Kikombe kilikuwa mkononi mwake. "Nawaona akina mama wawili. Nani anakusimamia?"

Hakuna aliyecheka tena. Kila mtu mle ndani alikuwa ananitazama, na mimi nilikuwa natazama chini, kwenye blanketi.

Koki alinisogelea. Hakumtazama Mama Bilan, hakumtazama Salad pale mlangoni. Alikuwa anatazama mkono wangu wa kushoto. Nikautazama na mimi. Ulikuwa umeshafika sikioni.

"Baba Ndanu," Koki akasema, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Umeuza nini tena?"